Saruji mbichi huunguza: Kinga kwa fundi na kwa waliomo nyumbani

Ukipita leo Chamazi, Mbande au Toangoma upande wa Temeke, au ukipanda hadi Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, utaona nyumba nyingi ambazo hazikujengwa kwa mara moja. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, Mungu akijaalia mwenye nyumba anapaua, kisha familia inahamia kuta zikiwa bado tofali tupu. Plasta inakuja baadaye, watu wakiwa wamo ndani. Mama yuko jikoni, watoto wako uani, na fundi yuko juu ya mirunda anarusha saruji ukutani. Inayoshika inabaki, na isiyoshika inaanguka chini au inamrudia yeye mwenyewe usoni.

Nyumba inapoanguka sote tunasikia. Ghorofa lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam, Machi 29, 2013, liliua watu 36 na nchi nzima ilizungumza. Lakini mikono ya fundi iliyopasuka kama ardhi ya kiangazi, jicho lililoingia ukungu, au kifua kinachokohoa kila alfajiri, hayo hayatangazwi popote. Ni madhara ya pole pole, na kwa sehemu kubwa yanazuilika kwa maji, sabuni na kujifunika.

Kwanza tuelewe saruji ni kitu gani. Pale Wazo Hill, jirani na Tegeta, ambako kiwanda cha Twiga kinazalisha tangu mwaka 1966, kazi inaanza kwa kuchimba mawe ya chokaa. Mawe hayo husagwa pamoja na udongo maalumu, kisha huchomwa kwenye tanuru linalozunguka mpaka kufikia joto la nyuzi 1450 hivi. Kinachotoka humo ni vipande vigumu vyeusi vyeusi, navyo husagwa tena pamoja na jipsam kidogo mpaka viwe unga tunaoununua kwenye mfuko wa kilo 50. Kwa hiyo saruji ina undugu wa karibu na chokaa, na chokaa watu wa pwani tunaijua vizuri. Mzee anayekula tambuu anajua kwamba chokaa ikizidi kidogo tu, ulimi unaungua.

Saruji kavu ikiwa ndani ya mfuko imelala. Ikishaguswa na maji inaamka, nayo maji yale yanageuka kuwa makali kwa namna ya magadi, ila kwa ukali unaopita magadi mara nyingi sana. Wataalamu hupima ukali huo kwa kipimo kinachoitwa pH, ambapo maji safi ni 7. Ngozi ya binadamu iko kwenye 5 na nusu hivi, yaani ina uchachu kidogo unaoilinda. Saruji mbichi iko kati ya 12 na 13. Na kipimo hiki hakiendi kama rula. Kila hatua moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia, hivyo kutoka 7 hadi 12 ni mara laki moja.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba saruji haichomi kama moto. Ukigusa sufuria ya moto unatoa mkono hapo hapo. Saruji mbichi ikiingia kwenye buti au ikilowanisha suruali kwenye magoti, unahisi baridi tu. Kibarua anaendelea kupiga magoti anasawazisha zege saa moja, saa mbili, tatu. Jioni anaanza kuwashwa. Usiku anahisi kama anaungua, na asubuhi ngozi imegeuka rangi na inavuka, pengine kidonda kimeshaingia ndani hata pasipouma sana, kwa sababu mishipa ya fahamu nayo imeungua. Vidonda vya namna hii vya magoti na vifundo vya miguu vinaweza kuhitaji upasuaji wa kupandikiza ngozi. Basi asidanganyike mtu kwamba kwa kuwa hakuumia palepale, hajadhurika.

Tukirudi kwenye kurusha, mafundi wetu wana njia kadhaa. Ya kwanza ni ya mwiko, ambayo kila mtu ameiona: fundi anachota kutoka kwenye karai na kuipiga ukutani kwa nguvu ili ishike. Ya pili ni kijisanduku cha bati chenye mkono wa kuzungusha, ambacho ndani yake vijiti vya chuma vinarusha matone ya saruji na mchanga kufanya ukuta uwe na vipele. Ya tatu ni ya mashine kubwa zenye kompresa na mipira, zinazotumika kwenye migodi ya chini ya ardhi, kwenye mahandaki, kwenye kingo za milima iliyokatwa kwa ajili ya barabara na kwenye mabwawa ya kuogelea. Vijana wengi wa Mbagala na Tegeta wanaochukuliwa na makandarasi kwenda mikoani hukutana na mashine hizi kwa mara ya kwanza huko huko kazini.

Kwa faida ya msomaji, mashine hiyo ina historia inayogusa Afrika Mashariki. Aliyeibuni mwaka 1907 ni Mmarekani Carl Akeley, ambaye hakuwa mjenzi bali mtaalamu wa kukausha na kuunda upya wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Alitaka njia ya kupaka plasta jengo la makumbusho la Field kule Chicago. Akeley huyo alikuja huku kwetu mara kadhaa kutafuta tembo na sokwe, na alifariki mwaka 1926 katika milima ya Virunga, mashariki ya Kongo, ambako alizikwa.

Kwa njia zote hizo tatu, jambo la kwanza kulindwa ni jicho. Tone la saruji likiingia machoni linaanza kula kioo cha jicho mara moja, na magadi ya saruji yana tabia ya kuzama ndani badala ya kukaa juu. Dakika za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtu ataona vizuri au atabaki na ukungu maisha yake yote. Miwani ya kazi inayoziba pembeni inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na bei yake hailingani na mfuko wa saruji. Miwani ya jua haitoshi kwani tone linapita pembeni. Fundi anayerusha dari ndiye anayehitaji kinga kuliko wote, maana kila kisichoshika kinamwangukia.

Ikitokea imeingia, dawa ni maji safi, tena mengi, tena papo hapo. Mlaze mtu au mwinamishe kichwa upande wa jicho lililoingiwa ili maji yasihamie kwenye jicho zima. Fungua kope kwa vidole vilivyonawiwa, mimina maji taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, na endelea kwa dakika zisizopungua 20 bila kukatisha. Mwambie azungushe jicho huku na huku, kwa sababu vipunje hujificha chini ya kope. Baada ya hapo aende hospitali hata kama anasema ameshapata nafuu. Asisugue. Yale tuliyozoea ya kukamulia maziwa ya mama, kutia asali au maji ya sukari, yaachwe kabisa. Yanapoteza muda, na muda ndio jicho lenyewe.

Hapa ndipo penye tatizo la kweli la maeneo yetu. Maji ya pembezoni mwa mji huu mara nyingi ni ya kununua kwa dumu, na maji yaliyopo yote yanaishia kwenye kukoroga saruji. Ikifika saa tano mchana mapipa yamekauka, fundi ananawa kwa maji ya kwenye karai, ambayo ni saruji ile ile iliyochujuka. Tunashauri mwenye nyumba atenge dumu moja la lita 20 lenye maji safi, lifungwe, liwekwe kivulini karibu na kazi, na iwe marufuku kulichotea kwa jambo jingine. Ukimimina kiasi cha lita moja kwa dakika, dumu hilo ndilo linalokupa dakika 20 zinazotakiwa. Kama halikuhitajika jioni, mimea itafaidika.

Na aliyefunga Ramadhani asingoje magharibi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi huku pwani, hawalihesabu jicho kuwa ni tundu la kufuturisha. Aoshe jicho lake, na atakachohisi kimefika kooni akiteme.

Tuje kwenye ngozi. Glovu zinazofaa ni za mpira, ndefu, zinazofika karibu na kiwiko. Za kitambaa hazifai kabisa kwenye saruji mbichi kwani zinanyonya maji yale makali na kuyashikiza mkononi, mtu akawa kama aliyefungwa kitambaa chenye dawa ya kuunguza. Hata glovu ya mpira ikishaingiwa saruji ndani ivuliwe, mkono unawiwe na glovu isafishwe, ama sivyo ni afadhali asingeivaa. Miguuni ni gambuti, na mguu wa suruali ukae nje ya buti, usichomekwe ndani, ili zege linalomwagika liteleze juu badala ya kuingia. Wako vibarua wanaokanyaga zege kwa kandambili au pekupeku. Zamani baadhi yao walijifunga mifuko ya rambo miguuni, mifuko ambayo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kwa kweli haikuwa kinga. Ilitoboka kwa kokoto na kuweka saruji ndani.

Anayefanya kazi kwa magoti awekewe ubao au kipande cha godoro gumu kilichofunikwa nailoni. Mafuta ya mgando mikononi kabla ya kazi yanasaidia ngozi isikauke, lakini hayazuii kuungua, na fundi anayesema yeye hujipaka mafuta tu na anatosha, anajidanganya.

Saruji mbichi ikimpata mtu mwilini, nguo au buti lililolowa livuliwe kwanza, kisha paoshwe kwa maji yanayotiririka si chini ya dakika 20. Kama ni unga mkavu, upanguswe kwanza halafu maji yafuate, kwa sababu ukitia maji kidogo juu ya unga mwingi umeuwasha. Asipakwe dawa ya meno, majivu wala limau. Kunawa mikono kwa mafuta ya taa au petroli mwisho wa kazi nako ni kosa linalofanywa sana: mafuta hayo yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi ambayo ndiyo ngao ya mwisho iliyobaki. Sabuni ya kawaida na maji vinatosha, ilimradi mtu anawe kila anapopumzika, si jioni peke yake.

Kwa fundi Muislamu jambo hili linagusa pia udhu. Saruji iliyogandia kwenye vidole, kucha au vifundo vya miguu inazuia maji kufika kwenye ngozi, hivyo inabidi itolewe kabla ya kutawadha. Akingoja mpaka ikauke atalazimika kukwangua kwa jiwe au kwa kisu, na hapo anajichubua. Akinawa saruji ingali mbichi inatoka bila taabu, na adhuhuri inamkuta mikono safi. Mwenye kidonda kilichofungwa bandeji amuulize imamu wake namna ya kupaka maji juu ya bandeji au kutayamamu, asikilowanishe kwa kuogopa swala. Na asitayamamu kwa vumbi la saruji lililotanda hapo kazini. Huo si udongo, ni jiwe lililochomwa, tena ndilo hilo hilo lililomjeruhi.

Vumbi nalo lina mambo yake. Wakati wa kupasua mfuko na kuumwaga ndipo vumbi la saruji linaporuka zaidi. Mfuko ulazwe chini, ukatwe katikati, unga umwagwe karibu na ardhi, mtu akisimama upande upepo unakotokea. Kuurusha mfuko begani na kuupasua kwa beleshi ukiwa juu kunapendeza machoni, lakini vumbi lote linaishia puani. Vumbi hilo linawasha koo, linaleta kikohozi, na mwenye pumu litambana kifua siku hiyo hiyo. Baya zaidi ni vumbi la mchanga na zege kavu, kama pale fundi umeme anapochana ukuta kwa grainda ili kupitisha nyaya, kwani ndani yake kuna silika. Chembe za silika ni ndogo kiasi kwamba macho hayazioni, zinashuka mpaka mwisho wa mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na mwenye nao ni rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu. Kabla ya kuchana, ukuta ulowanishwe. Kitambaa cha kujifunga puani kinazuia vumbi nene tu, lile jembamba linapita. Barakoa inayofaa ni ile ya kuchuja vumbi, iliyoandikwa N95 au FFP2, ikikaa vizuri usoni bila nafasi pembeni.

Kwa vijana wanaokwenda kwenye mashine za kurusha zege, ambazo wafanyakazi wa migodini huziita shotikriti, kuna mambo ya ziada. Mashine ni za aina mbili. Ipo inayosukuma mchanga na saruji vikiwa vikavu ndani ya mpira kwa nguvu ya upepo, maji yakiongezwa mwishoni kwenye mdomo wa mpira. Hii ina vumbi jingi mno. Nyingine inasukuma zege lililokwisha korogwa, upepo ukiongezwa mwishoni. Hii ina vumbi pungufu, ila zege lake mara nyingi hutiwa dawa ya kuharakisha kukauka, na baadhi ya dawa hizo, hasa za kizamani, ni kali kuliko saruji yenyewe. Uliza ni dawa gani unayoishika, na usiishike bila glovu na ngao ya uso mzima.

Anayeshika mdomo wa mpira asimame imara, auelekeze sawasawa na ukuta na si kimshazari, akiwa umbali wa mita moja hadi moja na nusu. Akiwa kimshazari, zege nyingi inadunda na kumrudia yeye na wenzake. Kilichodunda na kuanguka kisirudishwe kwenye mchanganyiko, kwani ni kokoto na mchanga mtupu uliopungukiwa saruji, na ukuta hautakuwa na nguvu. Hatari inayoua ni kuziba kwa mpira. Mpira ukiziba huku kompresa inavuma, umebeba nguvu inayoweza kuurusha kama nyoka aliyekanyagwa. Zima kwanza, toa upepo wote, hakikisha kipimo kimeshuka hadi sifuri, ndipo ufungue kiungo. Mtu asichungulie kwenye mdomo wa mpira wala asisimame mbele yake. Na chini ya zege lililorushwa darini, kwenye handaki au mgodini, asipite mtu mpaka msimamizi athibitishe kuwa limeshika.

Tanzania ina sheria ya mambo haya, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA ulioanzishwa mwaka 2001. Mwajiri anatakiwa kutoa vifaa vya kinga, na haifai kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo. Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao unagusa anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Aliyeajiriwa na kandarasi aulize mapema kama amesajiliwa. Lakini nyuma ya nyumba ya mtu kule Chamazi, ambako kibarua analipwa kwa siku, mkaguzi hafiki. Aliye karibu naye ni mwenye nyumba aliyemwita. Huyo ndiye anayeweza kusema, "Fundi, kabla hujaanza, miwani hii hapa, na maji yale pale," na hatapungukiwa heshima wala pesa ya maana kwa kusema hivyo.

Na wenyeji wa nyumba nao wajitazame. Watoto huona plasta mbichi kama udongo wa kuchezea, basi wasikaribie mpaka ikauke, na mabaki yaliyoanguka chini yazolewe siku hiyo hiyo. Ndoo iliyokorogewa saruji isirudi kuchotea maji ya kupikia wala ya kutawadhia. Nguo za kazi za baba au kaka zisikung'utwe ndani wala kuchanganywa na za mtoto. Ziloweshwe peke yake kwa maji mengi, na anayefua asizifikiche kwa mikono mitupu katika maji yale ya kwanza. Mifuko ya karatasi iliyobaki isifungiwe maandazi, hata ikikung'utwa vipi.

Mwisho ni ugonjwa mmoja wa ngozi ambao mafundi wengi wanauchukulia kuwa ni fangasi au hata husda. Ndani ya saruji mna chembe kidogo za madini ya kromiamu. Kwa baadhi ya watu, baada ya miezi au miaka ya kuishika, mwili unaanza kuyakataa. Mikono inawasha, inatoa malengelenge, inapasuka katikati ya vidole, inapona akiwa likizo na kurudi akigusa saruji hata kidogo. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2005, zimepiga marufuku saruji inayozidi sehemu mbili za kromiamu hiyo katika kila sehemu milioni, na viwanda vyao hutia madini ya chuma kuipunguza makali. Dawa za kupaka za dukani, hasa zile zenye steroidi ambazo watu hununua bila cheti, zinatuliza kwa muda tu na kuikondesha ngozi. Mwenye dalili hizi aende kwa daktari wa ngozi na aseme wazi kwamba anafanya kazi ya saruji, kwani asiposema, daktari hataijua. Mwili ukishaikataa kromiamu, kwa kawaida hauikubali tena, na fundi wa namna hiyo ni heri ahamie mapema kwenye useremala, mabomba au kupaua, ambako ujuzi wake wa vipimo bado utamlisha yeye na watoto wake.